Danbi na Kioo cha Risasi

"Nani kati yenu ana mimba?"

Kijiko cha Danbi kiligonga ukingo wa bakuli. Simu ilikuwa mezani, spika wazi, katikati ya sahani ya kabichi chachu ya kimchi na chungu cha supu ya maharage, na sauti ya mama yake Seungju ikatoka Beolgyo kule kusini ikajaa chumba kizima.

"Mama, salamu kwanza," Seungju alisema akicheka.

"Salamu nitazipika? Hebu sikiliza. Nimeota nguruwe jike, mweusi, mnene kama gari. Kaingia bila hodi, kajilaza kwenye godoro langu. Namfukuza, ananitazama tu kama mkwe."

"Kuota nguruwe si ni pesa, Mama?"

"Ndivyo nilivyodhani! Nikakimbilia bahati nasibu, nikaambulia patupu, hata namba moja. Basi kama si pesa, ni mtoto. Dada yako alishafunga kizazi. Nimebaki na wewe. Danbi yupo hapo?"

"Nipo, Mama."

"Unatapika, mwanangu?"

Damu ilimkimbia Danbi usoni. Alishukuru kwamba mama yule hakuwa akimwona.

"Hapana, Mama. Niko salama. Labda nguruwe alikosea nyumba."

"Ndoto za ukoo wetu hazikosei nyumba. Haya, kuleni, supu isipoe."

Simu ikakatika. Seungju bado alikuwa anacheka, lakini macho yake yalitua kwenye kikombe cha pombe ya soju alichommiminia mwenzake. Kilikuwa kimejaa vile vile.

"Mbona hunywi?"

"Kesho nashika mionzi."

"Siku hizi kila siku unashika mionzi."

Danbi aliinamisha kichwa, akaendelea kula. Ndani ya mkoba wake, chini kabisa, kulikuwa na picha ndogo ya hospitali yenye doa jeusi, na katikati ya doa kitu kama punje ya maharage. Alikuwa nayo wiki nzima. Hakuwa amemwonyesha mtu.

Maeng Danbi na Pyo Seungju walikuwa watafiti wa mkataba katika maabara moja ya hospitali jijini Seoul. Wote wawili walikuwa na shahada ya uzamivu, na wote wawili mkataba wao ulikuwa unakwisha Februari. Walipendana kimya kimya, kwa namna ya watu wanaokula chakula cha mchana saa kumi jioni wamesimama. Danbi alikuwa ndiye mama wa ile dawa. Ilikuwa dawa inayozitafuta seli za saratani ya kongosho popote zinapojificha mwilini. Ikishazishika, mionzi iliyofungwa mgongoni mwake huziunguza pale pale. Alianza nayo akiwa mwanafunzi. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu ipewe mgonjwa wa kwanza, na Profesa Tak, mkuu wa maabara, mama mkali asiyependa maneno mengi, alikuwa na nafasi moja tu ya kazi ya kudumu. Kila mtu alijua ingekuwa ya nani.

Ila sheria ya maabara nayo ilikuwa wazi. Mwanamke akitangaza mimba, anaondolewa kwenye chumba cha mionzi siku hiyo hiyo.

Danbi akaamua kunyamaza.

Keshokutwa yake, akiwa anabeba kichupa kwenda kupima usafi wa dawa, kifuniko kikalegea. Matone mawili matatu yakamrukia kwenye glavu na mkono wa koti. Mashine ya kupima mionzi ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Usisogee!" Seungju alipiga kelele kutoka meza ya pili.

Walimvua koti, wakamvua glavu, wakamwosha, wakampima. Ngozi ilikuwa safi. Watu wakapumua, wengine wakatania, kazi ikaendelea. Lakini Seungju hakutania. Jioni alimfuata ngazi za dharura, mahali walipozoea kuibiana dakika mbili.

"Mtu akimwagikiwa mkononi huangalia mkono, Danbi. Wewe ulishika tumbo."

Danbi aligeuza uso ukutani.

"Danbi."

"Mwezi wa tatu sasa," alisema, akakaa kwenye ngazi.

Seungju alikaa pembeni yake. Alicheka, kisha akafuta macho, kisha uso ukabadilika kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa."

"Nikutazameje? Umo mle ndani kila siku na mtoto wangu!"

"Nimesoma kila kilichoandikwa. Kiasi ninachopata ni kidogo mno. Kuta za risasi ni nene kuliko fuvu lako."

"Na leo ulipomwagikiwa, ukuta ulikuwa wapi? Kile kipimo cha mionzi unachokivaa kifuani hakijui kwamba mko wawili."

Danbi alifumba macho. Neno lile lilimwingia, kwa sababu naye alikuwa amejiambia hivyo hivyo usiku mwingi.

"Seungju, nisikilize. Miaka kumi na moja. Sina nyumba, sina gari, hata paka sina. Nina dawa hii. Nikitoka leo, atakayeishika ndiye atakayesemwa ameitengeneza, na mimi nitakuwa yule dada aliyezaa. Umewaona wangapi? Wako wapi?"

Seungju aliwajua kwa majina.

"Nipe mpaka mgonjwa wa kwanza. Imebaki kidogo sana. Nikimaliza nitakwenda mwenyewe kwa Bi. Geum wa usalama, nitamwambia kwa mdomo wangu. Niahidi."

"Danbi..."

"Niahidi."

Seungju alimshika mkono, akaubana sana.

"Nakuahidi."

Asubuhi kadi ya Danbi ilikataa kufungua mlango wa chumba cha mionzi. Alijaribu tena. Taa ikawaka nyekundu. Nyuma yake kulikuwa na kikohozi kidogo cha adabu: Bi. Geum, ofisa wa usalama wa mionzi, mkononi ana vikombe viwili vya karatasi.

"Njoo tunywe chai, binti."

"Nani kakwambia?"

"Siruhusiwi kusema."

"Basi huna haja."

Walikaa kwenye benchi la korido. Chai ilikuwa ya shayiri, na Danbi hakuigusa.

"Hufukuzwi," Bi. Geum alisema taratibu. "Unahamia upande wa pili wa kioo tu, mpaka ujifungue."

"Bi. Geum, kazi iko upande ule wa kioo. Upande huu ni kutazama watu wakifanya kazi."

Mama yule alitikisa kichwa, na hakumbishia. Danbi alitoa simu.

"Umelala vizuri?" alimwandikia Seungju.

Jibu likaja upesi mno, kama la mtu aliyekuwa ameishika simu mkononi akingoja. "Nisamehe. Sikuweza. Kila nikifumba macho nasikia ile mashine ikilia."

"Uliahidi."

"Najua."

"Ungenigombeza. Ungenifungia mlango. Ungenipigia hata kuniambia Danbi nimeshindwa, naenda kusema. Ungeniuliza mara moja zaidi."

Mchana akaitwa kwa Profesa Tak. Profesa alimwonyesha kiti, akamwuliza afya, akampa kazi za kompyuta na ripoti. Maneno yalikuwa mazuri yote, na yote yalikuwa ya kumwaga mtu.

"Seungju ndiye atakayemtengenezea mgonjwa dawa," alimalizia. "Na ile nafasi ameshaikubali. Najua atakuwa amekwambia."

Danbi alihisi kama amekosa ngazi gizani.

"Ameikubali lini, Profesa?"

Profesa Tak alimtazama, akaelewa amesema nini. Akavua miwani.

"Hilo, mwulize yeye."

Seungju alipokuja jioni alikuta begi lake nje ya mlango wa Danbi, nguo zimekunjwa vizuri, mswaki juu. Danbi alifungua mlango kidogo, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Ulikubali lini?"

"Danbi, nilifikiri angalau mmoja wetu akiwa na kazi ya kudumu, mtoto atakuwa na..."

"Sijauliza sababu. Nimeuliza lini."

"Asubuhi ile ile. Profesa alinikuta koridoni."

"Ulipotoka kwa Bi. Geum ulipitiliza moja kwa moja, au ulikunywa kahawa kwanza?"

Seungju aliinama, akachukua mswaki juu ya begi.

"Kule kusema, ningekuja kukusamehe," Danbi alisema. "Ulimwogopea mwanao. Lakini hili la pili, Seungju, hukumwogopea mtu. Uliona kiti kiko wazi, ukakaa. Na ulikitoa wewe mwenyewe chini yangu."

Mlango ukafungwa. Alisimama nje muda mrefu. Danbi aliona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kisha kivuli kikaondoka.

Siku zikapita. Danbi akawa mtu wa jengo la pili, mtu wa ripoti. Wenzake walimpisha kwenye lifti kama anayebeba yai. Usiku alilala upande mmoja, kisha upande wa pili, na pande zote mbili zilikuwa na Seungju. Siku moja mama yake Seungju alipiga simu.

"Mwanangu, yule mjinga kanieleza yote. Sikupigii kumtetea."

"Mama..."

"Nilimzaa mimi, lakini ujinga ule ni wa baba yake. Unakula?"

"Nakula."

"Mtoto anacheza?"

"Bado mdogo, Mama."

"Haya. Nimekutumia kome na mwani, vitafika kesho. Mengine ni yako, sitii mkono."

Danbi alikata simu, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya taa nyekundu.

Kule maabara mambo hayakuwa mazuri. Mionzi ile ile inayoua saratani huipasua na dawa yenyewe kama mtengenezaji hajui kuituliza, na Seungju alikuwa akiipasua. Majaribio mawili yaliharibika. Danbi alisikia, akanyamaza. Hakuna aliyemwita, naye hakujipeleka.

Kisha ikafika siku ya mgonjwa, na simu yake ikaita.

"Sikupigii kama mpenzi wako," Seungju alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Nusu ya kwanza ya mionzi nimeiharibu. Imebaki nusu ya pili. Nikiiharibu na hiyo, shehena nyingine ya mionzi ni mpaka ndege ya wiki mbili zijazo. Mzee Seok yuko chini na mkewe. Amevaa suti, Danbi. Amekuja kupokea dawa amevaa suti na tai. Daktari wake anasema wiki mbili hana."

Danbi alikuwa ameshasimama.

"Profesa anajua unanipigia?"

"Yuko hapa. Bi. Geum pia. Amepima korido ya nje ya kioo, ni salama. Utaongea kwa maikrofoni tu."

"Nakuja kwa ajili ya mzee. Tuelewane."

"Tumeelewana."

Kioo kile kilikuwa kinene kama mto wa kulalia, kimechanganywa na madini ya risasi, na kiliwapa watu wa ndani rangi ya manjano kama wagonjwa. Seungju alikuwa amesimama mbele ya kabati la chuma, mikono ikiwa kwenye vishikio vinavyoendesha vidole vya chuma vya ndani. Alikuwa amekonda. Danbi alisogeza mdomo kwenye maikrofoni.

"Umetia ile kinga ya kuituliza dawa kiasi gani?"

"Yote. Kama ulivyoandika."

"Niliandika mara mbili. Nusu kabla ya moto, nusu baada. Umesoma kwa haraka."

"Nimesoma kwa hofu."

"Mimina upya. Nusu. Basi hapo. Sasa moto, polepole. Polepole, Seungju, huchemshi tambi!"

Profesa Tak alikohoa. Bi. Geum alitazama dari.

"Mikono inatetemeka," Seungju alisema.

"Naiona. Iache. Toa pumzi. Hakuna atakayekuhukumu kwa dakika moja ya kusubiri."

"Wewe ungenihukumu."

"Nilishakuhukumu. Sasa fanya kazi."

Kulikuwa na mngurumo wa feni tu. Danbi alihesabu kwa midomo, akaona mkono ule ukitulia, akaona kidole cha chuma kikinyanyua kichupa kana kwamba kinanyanyua kifaranga.

"Sasa nusu ya pili. Tone kwa tone. Ndiyo. Hivyo hivyo. Ndiyo."

Waliipeleka kupima. Danbi aligeukia ukuta. Hakutaka mtu aone uso wake. Nyuma yake alisikia karatasi ikitoka kwenye mashine, kisha sauti ya Profesa.

"Safi asilimia tisini na nane. Ipelekeni."

Danbi aliona dawa yake ikitoka ikiwa ndani ya kasha zito la risasi, ikisukumwa na kigari kuelekea lifti. Hakuifuata. Hakuruhusiwa. Kesho yake Profesa Tak alimwita bila kusema sababu, akamgeuzia skrini. Mwili wa Mzee Seok ulikuwa kivuli cha kijivu, na pale kwenye kongosho, na sehemu mbili za ini, paliwaka kama makaa. Dawa ilikuwa imekwenda ilikotumwa.

"Usishangilie," Profesa alisema. "Hatujui kama itamponya."

"Najua, Profesa."

"Kaa lakini. Itazame. Ni yako."

Seungju alimkuta kwenye ngazi za dharura.

"Nimemwandikia Profesa," alisema. "Nimeirudisha ile nafasi."

Alitegemea nini? Labda kukumbatiwa. Danbi alimwangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyoungua mara ya pili.

"Nani kakwambia uirudishe?"

"Nilifikiri..."

"Umefikiri! Tena! Ulifikiri ukaenda kwa Bi. Geum. Ukafikiri ukachukua kiti. Sasa umefikiri umekirudisha ili mimi nikae kwa huruma yako. Seungju, lini utaniuliza? Mimi ni mtu au ni kabati la kuhifadhia maamuzi yako?"

Seungju alikaa kwenye ngazi, mikono kichwani. Aliponyanyua uso, hakuwa tena yule mwenye majibu.

"Unataka nifanye nini?"

Danbi alishusha pumzi ndefu.

"Nataka nafasi itangazwe. Niombe mimi, uombe wewe, waombe wengine. Tushindane mchana kweupe. Ukinishinda, nitakupongeza. Nikikushinda, usiniambie uliniachia."

"Nitaomba," alisema. "Na nitajitahidi kweli."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Umenisamehe?"

"Bado. Ila nina njaa."

Walikwenda kula supu ya wali mtaa wa nyuma. Hawakuongea sana. Danbi alipomaliza nyama yake, Seungju alimsogezea ya kwake, akasita, akauliza, "Nikuwekee?" Danbi akasogeza bakuli.

Nafasi ilitangazwa majira ya baridi. Danbi aliingia mbele ya jopo tumbo likiwa limetangulia. Aliulizwa kuhusu dawa, akajibu. Akaulizwa kuhusu makosa yake, akayataja, hata lile la kuficha. Kisha mwanamume mmoja wa pembeni akajiegemeza kitini.

"Na mtoto akizaliwa, atalelewa na nani?"

Danbi aliweka mikono mezani.

"Na baba yake. Yuko hapo nje, ameshahojiwa asubuhi. Mlimwuliza?"

Profesa Tak alivua miwani, akaifuta bila haraka.

"Hatukumwuliza," alisema. "Basi na hili halijaulizwa. Tuendelee."

Danbi akaipata kazi. Seungju alikuwa wa pili, na yeye ndiye aliyemletea habari, akikimbia, koti halijafungwa, uso umevimba kwa baridi na kwa kitu kingine.

"Umenishinda," alisema, akihema. "Nilijitahidi kweli, ukanishinda kweli."

Danbi alimtazama, akatafuta uongo kwenye ule uso, hakuuona.

"Sasa utakwenda wapi?"

"Maabara moja ya Jeongeup, kule kusini, inanitaka. Ni mbali. Nitakuja kila Ijumaa." Akameza mate. "Danbi, sijaja na pete. Nilitaka kuuliza kwanza kama niinunue. Na kama hutaki, mtoto nitamlea vile vile."

"Sijasahau yale, Seungju."

"Sitaki usahau. Ukisahau nitarudia."

Danbi alicheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani.

"Nunua ya bei nafuu," alisema. "Nikivaa glavu haionekani."

Waliandikisha ndoa kwenye ofisi ya mtaa wakati wa mapumziko ya mchana, mashahidi wakiwa Bi. Geum na mke wa Mzee Seok, aliyeleta keki za mchele. Mzee mwenyewe hakuweza kuja. Alikuwa bado dhaifu, lakini alikuwa hai, na picha ya pili ilikuwa imeonyesha makaa mawili pale palipokuwa na matatu. Mama alipiga simu kutoka Beolgyo, akalia, akagombeza watu kwa kutomngoja, akalia tena.

Jumapili jioni Seungju alipanda treni ya kusini. Danbi alibaki chumbani, miguu juu ya mto, mtoto akipiga teke ubavuni. Simu ikatetema.

"Mama anataka kuja kukaa nawe mpaka ujifungue. Ameshafunga mizigo. Nimemwambia asubiri, sijamwuliza mke wangu. Unasemaje?"

Danbi aliisoma mara mbili. Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka juu ya paa za mtaa wa Sillim. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Mwambie aje. Na asante kwa kuuliza."